Mbwa Huyu ni wa Nani? Sheria za Kuzuilia Wanyama na Kufunga Uzazi, kati ya Kimuka na Kitengela

Katika Kaunti ya Kajiado maneno "mbwa anayezurura" yana maana mbili zisizopatana, na sheria yoyote ya kukamata na kuzuilia wanyama itakayotungwa bila kuzitenganisha maana hizo itawaadhibu wasio na kosa na kuwaacha wenye kosa. Kitengela, mji uliokua kando ya barabara ya Namanga kwa wingi wa viwanja vidogo vilivyozungushiwa kuta, mbwa aliye nje ya lango bila mtu huhesabiwa kuwa amepotea au ametupwa. Kimuka, upande wa pili wa milima ya Ngong, ambako nyumba mpya za mawe zimechanganyika na maboma ya Wamaasai, mbwa wa namna hiyo hiyo anaweza kuwa kazini, kwa maana ametoka asubuhi na mbuzi, amewafuata hadi malishoni, na jioni atarudi nao bila kuwahi kufungwa kamba maishani mwake. Afisa aliyetumwa kukamata hawezi kuwatofautisha kwa macho, kwa kuwa wote wawili hawana ukosi, yaani mkanda wa shingoni wa kumtambulisha mnyama, hawana leseni, na hawana mtu karibu nao.

Mkanganyiko huu ni wa miaka ya karibuni. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado, na ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840, ambao kati yao 154,436 walikuwa wakazi wa mji wa Kitengela pekee. Ranchi za jumuiya, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na ukoo au kundi la wafugaji chini ya sheria ya mwaka 1968, ziligawanywa kwa wanachama, wanachama wakauza vipande, na vipande vikakatwa tena kuwa viwanja vya kujengea. Kila nyumba mpya iliyosimama peke yake nyikani ilihitaji mlinzi, na mlinzi wa bei nafuu kuliko wote ni mtoto wa mbwa aliyepewa mtu bure na jirani. Mpangaji anapohama huondoka na televisheni, mtungi wa gesi na hata kuku. Mbwa ndiye hukosa nafasi kwenye pikapu. Mbwa aliyeachwa hivyo hafi upesi, kwa sababu machinjio ya Kiserian, jalala la Ngong na taka za masoko humpa riziki ya kutosha kumfikisha msimu wa kuzaa.

Mamlaka ya kushughulikia jambo hili yamewekwa wazi kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne linalogawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na kaunti, inaikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja kwa jina mambo mawili ndani yake: utoaji wa leseni za mbwa, na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Udhibiti wa magonjwa ya mifugo umewekwa pia chini ya kaunti, huku sera ya tiba ya mifugo ikibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba kibanda cha kuzuilia mbwa si fadhila ambayo gavana anaweza kuitoa akipenda, bali kimo katika orodha ile ile ya majukumu yenye zahanati, masoko na barabara za mashambani. Jirani wa karibu ameshautumia uwezo huo, kwa kuwa Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015, ikiwa na leseni kama msingi wake. Mpaka kati ya kaunti hizi mbili, hata hivyo, hauonekani ardhini, na mbwa wa Ongata Rongai anaweza kuvuka kutoka utawala mmoja hadi mwingine mara kadhaa kabla ya jua kuchwa.

Juu ya sheria za kaunti zipo sheria za kitaifa zilizotangulia ugatuzi kwa muda mrefu. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, ambayo ni Sura ya 365 ya Sheria za Kenya, inawapa maafisa wa mifugo nguvu za kumkamata na kumweka chini ya uangalizi mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, na inaruhusu eneo lenye mlipuko kutangazwa kuwa eneo la udhibiti, ambamo uhuru wa mbwa kutembea hubanwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inatazama upande wa pili wa shilingi, ikilinda mnyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, iwe ni kipigo, njaa, sumu au kutelekezwa. Sheria hizi mbili husomwa mara chache pamoja, jambo la kusikitisha, kwa kuwa mbwa mmoja anayekimbia barabarani Kitengela yumo ndani ya zote mbili kwa wakati mmoja: ni hatari inayopaswa kudhibitiwa, na ni kiumbe aliyefanyiwa kosa na mtu fulani aliyemwacha.

Kumzuilia mnyama, kwa lugha ya sheria, ni kumchukua kutoka mahali pa umma na kumweka katika kituo cha serikali kwa muda maalumu ili mwenyewe apate kujitokeza. Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo, kwani wengi wamewahi kukomboa ng'ombe waliokamatwa mahali palipokatazwa malisho, wakalipa faini na gharama za siku walizolishwa. Ng'ombe, hata hivyo, hukombolewa kwa sababu ana thamani kubwa kuliko faini, na kwa sababu alama ya moto au mkato wa sikio humtaja mwenyewe. Mbwa hana hata moja kati ya hayo. Faini ikizidi bei ya mbwa mpya, na mbwa mpya mara nyingi hapatikani kwa bei yoyote bali kwa kuombwa tu, mwenyewe humwacha kituoni akachukua mwingine kwa jirani, na hapo kituo kimegeuka kuwa njia ya serikali kuwatupia watu mbwa wao kwa gharama ya umma.

Muda wa kuzuilia ndio kiini cha sheria ya namna hii, ingawa ndio unaojadiliwa kwa haraka kuliko mambo mengine. Mbwa ni mali, na Katiba hairuhusu mtu anyang'anywe mali yake kiholela. Aidha, kila mtu ana haki ya uamuzi wa kiserikali ulio wa haki na unaofuata utaratibu. Siku za kuzuilia ni tafsiri ya haki hizo katika lugha ya vizimba na bakuli za maji. Uingereza iliweka siku 7 katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 1990, na baada ya siku hizo mbwa aweza kuuzwa, kutolewa bure au kuuawa kwa njia isiyo na maumivu. Jimbo la California nchini Marekani liliongeza muda wake lenyewe kwa sheria ya mwaka 1998 hadi siku 6 za kazi, au 4 ikiwa kituo hufunguliwa jioni au mwisho wa wiki, nyongeza iliyofikiriwa vizuri, kwa kuwa mtu aliyeajiriwa hawezi kumtafuta mbwa wake saa za ofisi. Kwa Kajiado hesabu yapasa kuwa nyingine. Mchungaji aliyehamia na mifugo mbali wakati wa kiangazi hawezi kusoma tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kaunti ndogo, na siku 7 za mjini zaweza kwisha kabla hajajua kwamba mbwa wake hayupo. Tangazo linalopitia kwa chifu, kwa wazee wa nyumba kumi na kwa redio zinazotangaza kwa Kimaasai lina thamani kubwa kuliko siku kumi za ziada za kizuizini.

Pasipo kituo chochote, njia iliyotumika kwa miaka mingi katika miji ya Afrika Mashariki ni kuua kwa risasi au kwa nyama iliyotiwa sumu. Mbali na ukatili wake, njia hiyo ina kasoro ya kihesabu. Mbwa wanaouawa ni wale wanaokaribia watu kwa urahisi, ambao ndio hasa waliopata kufugwa na pengine kuchanjwa. Waoga hubaki, chakula kilichokuwa cha wawili kinakuwa cha mmoja, watoto wengi zaidi wananusurika, na mbwa wageni huingia kutoka mitaa ya jirani kujaza nafasi. Shirika la Afya Duniani limeshikilia kwa miaka mingi kwamba mauaji ya jumla hayapunguzi idadi ya mbwa kwa muda mrefu wala hayadhibiti kichaa cha mbwa. Kinachodhibiti ugonjwa huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kwa kurudia, na kisiwa cha Pemba, kilichoutokomeza ugonjwa kwa kampeni za chanjo, kikapata maambukizi mapya mwaka 2016 na kuutokomeza tena kufikia 2018, kinaonyesha kwamba jambo hilo liko ndani ya uwezo wa serikali isiyo na fedha nyingi. Kenya yenyewe, ambako kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912 katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo kufikia 2030.

Hapa panahitaji kutenganishwa mambo mawili ambayo wanasiasa wa mitaa hupenda kuyachanganya. Chanjo huzuia ugonjwa lakini haipunguzi idadi ya mbwa. Kufunga uzazi hupunguza idadi lakini hakumlindi mtu aliyeumwa leo, ambaye anapaswa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali kuchomwa chanjo bila kungoja dalili, kwa kuwa dalili zikishaanza hakuna tiba. Mambo haya mawili hukutana mahali pamoja tu: idadi ya mbwa inayobadilika upesi, wazee wakifa mapema na watoto wakizaliwa kila msimu, hulifuta haraka lile tabaka la waliochanjwa, hivyo kwamba kampeni ya mwaka jana inapaswa kuanza upya mwaka huu.

Kufunga uzazi ni jina la upasuaji wa aina mbili. Dume huhasiwa kwa kuondolewa korodani, na jike hufunguliwa tumbo na kuondolewa mfuko wa uzazi pamoja na ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai. Upande wa dume jambo hili si geni hata kidogo katika jamii za wafugaji. Kiswahili kina neno maksai kwa fahali aliyehasiwa, na ndafu, beberu aliyehasiwa akanenepeshwa, huheshimiwa sana penye sherehe. Ugeni uko kwa jike, na kwa bahati mbaya jike ndiye anayeamua idadi. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, anaweza kupata joto mara mbili kwa mwaka kuanzia kabla ya mwaka wake wa kwanza kwisha, na dume mmoja asiyehasiwa anatosha kuwatia mimba majike wote wa mtaa. Kuwahasi madume tisa kati ya kumi, kwa hiyo, ni kuteka maji kwa pakacha. Kuna faida nyingine inayopaswa kuelezwa kwa wenye mbwa kwa sababu inawagusa moja kwa moja: jike aliyefungwa uzazi hapati usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowaua majike wengi wa umri mkubwa, wala hawavuti madume wa mtaa mzima usiku kucha langoni.

Upasuaji wa jike si kazi ya mtu yeyote mwenye kisu. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari na wahudumu wasaidizi wa mifugo inataka watoa huduma wote wasajiliwe na bodi ya taaluma hiyo, na kufungua tumbo la mnyama chini ya nusukaputi ni kazi ya daktari. Kitengela daktari wa namna hiyo hupatikana kwa mwendo wa bodaboda. Kimuka mwenye boma hulazimika kumsafirisha mbwa asiyezoea kamba kwenye gari la abiria, ikiwa dereva atakubali, kisha kumtunza kwa siku 10 hadi 14 mpaka kidonda kipone, katika mazingira ambamo mbwa huyo ndiye kinga ya zizi dhidi ya fisi na chui. Ndiyo sababu amri ya kumtaka kila mwenye mbwa amfunge uzazi, iliyonakiliwa kutoka miji ya ng'ambo, ingekuwa kodi kwa wakazi wa Kimuka na hisani kwa wa Kitengela.

Sharti linaloweza kutekelezwa bila dhuluma ni lile linalomhusu mnyama anayetoka kituoni kwenda kwa mwenye kumwasili, yaani mtu anayemchukua mnyama asiye wake na kuwa mwenyewe kisheria. Mnyama huyo tayari yuko mikononi mwa taasisi, tayari amekwisha kupimwa na kulishwa, na kumtoa akiwa na uwezo wa kuzaa ni kujitengenezea wateja wa mwaka ujao. Shirika la Kulinda na Kutunza Wanyama la Kenya, linalofahamika kwa herufi zake KSPCA na lenye makao Karen, Nairobi, ambalo chanzo chake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1910, limejijengea desturi ya kuwafunga uzazi mbwa na paka kabla ya kuwakabidhi kwa familia mpya. Huko California desturi kama hiyo ni sheria katika kaunti zenye zaidi ya watu 100,000: kituo hakiruhusiwi kumtoa mbwa asiyefungwa uzazi, isipokuwa daktari athibitishe kwamba ni mgonjwa asiyeweza upasuaji, na hapo mchukuaji huweka amana ya dola 40 hadi 75 ambayo hurudishiwa akileta uthibitisho kwamba upasuaji umefanyika. Amana ni fikra yenye akili, lakini hutegemea jambo moja, nalo ni kwamba mtu atarudi. Mahali ambapo namba ya simu hubadilika kila laini inapopotea, upasuaji kabla ya makabidhiano ndio unaotabirika.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili huleta ugumu, kwa kuwa madaktari wengi wamezoea kungoja miezi sita. Vituo vingi vya wanyama duniani siku hizi hufanya upasuaji mapema, tangu wiki ya nane kwa watoto wenye afya, kwa hoja kwamba atakayeondoka bila kufungwa uzazi huenda asionekane tena. Kaunti inayotunga sheria ingefanya vyema kumwachia daktari uamuzi wa umri na kujishughulisha na la kwake, ambalo ni nani atalipa.

Paka wana sura yao, fupi zaidi. Hakuna leseni ya paka, na paka shume, dume la mtaani lisilo na mwenyewe, hafai kuzuiliwa kwa muda wala kuasiliwa, kwa sababu akishakua bila kushikwa na binadamu hawezi kufugika tena. Kwake njia inayofaa ni kunaswa, kufungwa uzazi, kuchanjwa na kurudishwa pale pale aliponaswa, akiwa amekatwa ncha ya sikio moja ili asinaswe mara ya pili bure. India iliifanya njia hiyo kuwa kanuni ya taifa kwa mbwa mwaka 2001, na mabishano yaliyoendelea huko hadi mahakama ya juu yanaonyesha kwamba kumrudisha mbwa anayeuma watu katika mtaa ule ule si suala ambalo upasuaji pekee hulimaliza.

Kajiado ina sababu moja ya kujali ambayo miji mingi haina. Upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hauna ua kamili, na wanyama hutoka kuelekea nyanda za Athi na Kapiti wakipita mashamba ya Kitengela. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki huko Ilkeek Lemedung'i baada ya kushambulia mifugo. Mbwa anayekula mzoga mmoja na simba humpa simba magonjwa yake. Mwaka 1994 homa ya mbwa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na ubongo, iliwaua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, karibu theluthi ya wote, na mwaka 2017 ugonjwa huo huo ukawafagia mbwamwitu wa Laikipia. Fedha za utalii zinazoingia Kajiado kupitia Amboseli zingeweza kwa haki kabisa kulipia sindano na nyuzi za upasuaji.

Kilichobaki ni namna ya kumtambua mwenye mbwa, bila ambayo kizuizi, faini, siku za kungoja na masharti ya kuasili vyote havina wa kumshika. England imewataka wenye mbwa wawawekee mbwa wao chipu chini ya ngozi tangu Aprili 2016, lakini chipu huhitaji kifaa cha kuisomea na daftari linalotunzwa, na afisa wa Kajiado Magharibi mara nyingi hata mafuta ya pikipiki huyasubiri. Leseni ya mtu mmoja mmoja nayo haiendani na boma, ambamo mbwa ni wa nyumba nzima, hufuata wavulana wanaochunga, na mwenyewe akiulizwa mjini anaweza kuwa mmoja kati ya watu saba. Usajili kwa boma, unaofanywa siku ya chanjo, mbwa wote wakivishwa ukosi wa rangi ya mwaka huo na majina yao kuandikwa na mzee wa eneo, ungegharimu kidogo na kusomeka kwa mbali, hata na asiyejua kusoma. Sheria ingeweza basi kutaja mambo mawili ya kumwondolea mbwa wa Kimuka lawama ya kuzurura, yaani ukosi wa mwaka na mifugo iliyo karibu, na mtu atakayemkuta kwenye mteremko chini ya milima ya Ngong angekuwa na swali moja tu la kuuliza kabla ya kutupa kamba: mbuzi wako wapi.